Mfupa wa fuvu urudi lini?

SWALI: Shikamooni. Mume wangu alipata kiharusi, akatolewa mfupa wa fuvu upande wa kulia ili uvimbe wa ubongo upate nafasi. Sasa ni mwezi wa nne tangu atolewe, pale pamebonyea kama bakuli. Akilala ananyanyua mguu wa kushoto vizuri. Akikalishwa dakika 20, kichwa kinamgonga na mguu unalegea. Ndugu wanasema ni uvivu. Tungoje apate nguvu kwanza ndipo arudishiwe mfupa?
Mlezi, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole dada. Si uvivu, wala msingoje. Pasipo mfupa, ngozi pekee ndiyo inayobeba mgandamizo wa hewa. Anapokaa, maji ya ubongo hushuka kuelekea uti wa mgongo, ngozi inazama, ubongo unabanwa na damu inapungua. Ndiyo maana akilala anakuwa afadhali.

Andika kwenye daftari: amekaa saa ngapi, mguu umelegea saa ngapi, na akilala tena, nguvu ya mguu imerudi baada ya muda gani. Daftari hilo lipelekeni kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Wengi hurudishiwa mfupa kati ya mwezi wa 3 na wa 6 tangu utolewe, uvimbe ukiisha na kidonda kikiwa kikavu. Dalili kama zake ni sababu ya kuuliza tarehe mapema. Ulizeni pia mfupa uko wapi: kwenye friza, au chini ya ngozi ya tumbo? Ukiwa umeharibika, huwekwa bamba la titani (metali) au akriliki (plastiki ngumu).

Mazoezi yasisimame. Mengi yafanyike kitandani: alale chali, akunje magoti yote mawili, anyanyue makalio huku akipumua, asibane pumzi. Kumkalisha kuwe kwa hatua, mito ikiongezwa kidogo kidogo. Msimvute kwa mkono wa kushoto, bega litachomoka. Asilalie upande wa kulia. Anywe maji ya kutosha, kadiri daktari alivyoruhusu, maana ukavu wa mwili huzidisha kubonyea. Akisimama avae kofia ngumu isiyogusa shimo. Helmeti ya bodaboda ni nzito na hukandamiza palepale. Bodaboda yenyewe isiwe usafiri wake wa kliniki.

Baada ya upasuaji, wengine huchangamka ndani ya siku chache, wengine hubaki walivyo, kwa kuwa sehemu iliyokufa kwa kiharusi haifufuliwi na mfupa. Homa, usaha, kifafa, usingizi mzito au kidonda kuvimba: hospitali siku hiyohiyo.