Mwiritsa wa kukhu

Wiki hii mmeuliza kama kijana wa leo ana haja ya kujua miti shamba na dispensari iko karibu. Mimi nasema anayo, na si mambo ya dawa peke yake.

Nimezaliwa Shinyalu, kando ya msitu wa Kakamega, saa hii naishi Nakuru. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa anatoa gome la mwiritsa, ule mti ambao Ulaya wanatumia gome lake kwa dawa ya tezi dume, na kabla hajashika panga lazima auzunguke kwanza auangalie. Anabandua kipande cha kiganja upande huu, kingine upande ule, katikati hagusi kabisa, halafu anachota udongo mbichi anapaka pale palipobanduliwa polepole vile unapaka mtoto mafuta. Ukimuuliza mbona asitoe lote anakwambia sasa huyu pia ni mgonjwa wetu, na hatukuurudia mpaka gome lishikane. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku niliyopata mwiritsa umebanduliwa shina zima umekaukia hapo umesimama, maana ukikata gome kuzunguka mti wote chakula cha majani hakifiki tena kwa mizizi. Tangu 1995 biashara ya huo mti nje ya nchi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini kukhu hakungoja kuambiwa.

Na homa ya mtoto ikizidi usiku mmoja alikuwa anatubeba mgongoni mwenyewe hadi dispensari, kwa hivyo msiseme hawa wazee walichukia daktari.

Watoto wangu hapa Nakuru walikuwa wanajua mwarobaini na mukombero, ule mzizi wa kutafuna, tu, kwa sababu zinauzwa steji. Desemba tukaenda nyumbani nikamsugulia binti yangu jani la mwonyi, kichaka chenye harufu kali, kwa kiganja, akanusa akashtuka, baba hii si ile ya kupaka kifua! Jina lake kwa Kiisukha, lugha yetu, alikuwa hajawahi kulisikia, na hilo liliniuma sana.

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kuyasajili. Kwetu sijaona mtu akija kumuuliza senje, shangazi yangu, na ni yeye tu amebaki anajua. Binti yangu ameanza kumpigia simu Jumapili, anaandika kwa daftari la shule, jina, sehemu gani inatumika, inachumwa aje. Wamefika mti wa 11.