Alijibu "Ndiyo" kwa Kila Swali

SWALI: Mdogo wangu ana umri wa miaka 26 na alizaliwa na ulemavu wa akili. Hajui kuhesabu pesa, na ukimsemesha kwa ukali hukubali lolote ili uache kumfokea. Mwezi uliopita alikamatwa kwa madai ya kuiba mbuzi, akahojiwa usiku akiwa peke yake, kisha akatiwa dole gumba kwenye karatasi. Mahakamani alisomewa shtaka akajibu "ndiyo", na wiki ijayo hakimu atatoa adhabu. Majirani wananishauri niseme ana wazimu ili aachiliwe. Je, nifanye hivyo? – Dada wa mshtakiwa, Kilifi

JIBU: Dada yangu, nakusihi usifanye hivyo, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tushughulikie siku zilizobaki, kwa maana ni chache. Mshtakiwa anaweza kuomba kubadilisha jibu lake wakati wowote kabla adhabu haijatolewa. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, mahakama zetu za Kenya zinatakiwa kumweleza mshtakiwa kila kipengele cha kosa katika lugha anayoielewa, na kumsomea maelezo ya tukio lenyewe, kabla ya kukubali kwamba amekiri. "Ndiyo" ya mtu ambaye maisha yake yote amefundishwa na woga kuitikia haiwezi kuhesabiwa kuwa kukiri, na hakimu hawezi kuujua woga huo msipomwambia. Kumbuka pia kwamba wizi wa mifugo, chini ya kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, unaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 14.

Jibu likishabadilishwa, ile karatasi ya kituoni ndiyo itakayogombewa. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakiruhusu maungamo kutumika mahakamani ila yawe yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepungua cheo cha Inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Ikiwa mdogo wako alihojiwa bila mtu wake yeyote, wakili anayo hoja nzito ya kuipinga.

Sasa nirudi kwenye ushauri wa majirani, ambao najua wanautoa kwa huruma. Ulemavu wa akili si wazimu. Mdogo wako hakuugua. Ndivyo alivyozaliwa, wala hakuna dawa atakayopewa arudi akiwa mtu mwingine. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, katika kifungu cha 167, imemweka kando mshtakiwa ambaye si mwendawazimu lakini hawezi kueleweshwa yanayoendelea mahakamani: ushahidi husikilizwa, na ukionekana unatosha kumtia hatiani, huamriwa azuiliwe kwa muda apendao Rais. Maana yake ni kwamba mwizi wa mbuzi mwenye akili timamu anaijua siku yake ya kutoka, ilhali mdogo wako haijui. Majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kutamka kwamba kizuizi kisicho na kikomo kinapingana na Katiba, nami naona ni dhuluma isiyostahili kuendelea hata siku moja. Basi usimfungulie mlango huo kwa mkono wako kwa kudai ana wazimu.

Unachopaswa kuomba ni msaada wa kuelewa. Ibara ya 50(7) ya Katiba inairuhusu mahakama kumkubali mtu wa kati atakayemsaidia mshtakiwa kuwasiliana nayo, na mtu huyo anaweza kuwa wewe, au mwalimu aliyemfundisha, mradi hakimu aridhike. Omba maswali yawe mafupi, yaulizwe moja moja, na pawe na mapumziko. Omba pia wakili wa serikali chini ya Ibara ya 50(2)(h), au umwendee mwanasheria kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Nenda mahakamani kesho asubuhi, usingoje siku ya adhabu. Chukua kadi yake ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kama anayo, barua za shule na za kliniki, na mwombe karani faili iwekwe mbele ya hakimu kabla ya tarehe iliyopangwa.