Maswali ya Wasomaji: Kazi za Ardhini Kwenye Kambi ya Ndege za Kivita

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu alitumikia jeshi la anga akiwa fundi wa ardhini. Husimulia kwamba kila alfajiri, wakubwa kwa wadogo, walipanga mstari kuokota vijiwe kwenye barabara ya kurukia ndege. Ilikuwa adhabu au kazi kweli?

JIBU: Kazi, tena ya kwanza ya siku. Injini ya jeti hufyonza hewa kwa nguvu, na kwenye ndege nyingi za kivita mdomo wake uko chini. Nati moja ikiingia inaweza kumega ukingo wa panga la injini. Panga hilo linazunguka mara maelfu kwa dakika, kwa hiyo pengo dogo huzaa ufa, panga hukatika na kuvunja yaliyo nyuma yake. Tairi nazo haziko salama: ajali ya Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, karibu na Paris tarehe 25 Julai 2000, iliyoua watu 113, ilianza kwa ukanda wa titani wa sentimita 43 hivi ulioanguka kutoka ndege iliyotangulia na kupasua tairi yake.

Watu hujipanga kuvuka upana wa barabara, kila mmoja akiachana na mwenzake kwa urefu wa mkono, na kutembea polepole macho chini. Kinachookotwa hukaguliwa kabla ya kutupwa. Kokoto maana yake zege linabomoka. Ribiti, yaani pini ya kushikiza mabati ya ndege, maana yake kuna ndege inayopukutika. Kipande cha waya wa kufungia nati kinamsuta fundi aliyeondoka bila kusafisha. Mfuko wa takataka, kwa maoni yetu, ni ripoti bora kuliko nyingi zinazoandikwa ofisini.

Magari ndiyo huleta vijiwe zaidi. Dereva anayeingia eneo la ndege hushuka, huchokoa vijiwe kwenye tairi zote kwa bisibisi, kisha husogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu ili aone sehemu iliyokuwa imekalia ardhi. Hatua hii ya mwisho ndiyo wavivu huiruka. Zana pia huhesabiwa kabla na baada ya kazi, kila spana ikiwa na nafasi yake iliyochongwa sandukuni. Ikikosekana moja, ndege hairuki hadi ipatikane, hata kama rubani ameshafunga mikanda.

SWALI: Kwa nini mafuta ya ndege huchotwa kwenye chupa ya kioo na kutazamwa juani?

JIBU: Hutafutwa maji. Hewa inayoingia kwenye tangi hubeba unyevu, usiku ukapoa unyevu hugeuka matone. Lita ya mafuta ya jeti ina uzito wa takriban kilo 0.8 na ya maji kilo 1, hivyo maji huzama chini, mahali penye koki ya kukamulia. Yakiachwa huganda angani na kuziba chujio; ardhini hulea kuvu wanaoacha utelezi mweusi na kula alumini.

Usichote sampuli mara tu baada ya kujaza, maana maji bado hayajatulia. Zungusha chupa kidogo, kisha tazama. Mafuta yakiwa na ukungu, subiri: ukianza kuondoka kutokea chini, ni hewa tu; ukianza kuondoka kutokea juu, ni maji, na ukamuaji uendelee. Wakati wa kujaza, waya wa kuunganisha gari la mafuta na ndege hufungwa kabla ya mpira wa mafuta na hufunguliwa mwisho kabisa, kwa sababu mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli.

SWALI: Breki za ndege zikiwaka moto, mtu akaribie vipi?

JIBU: Asiye na kazi pale asikaribie. Zimamoto huja kutoka mbele au nyuma ya gurudumu, kamwe si ubavuni, kwani rimu ikipasuka vipande hurushwa kufuata mstari wa ekseli. Tairi hujazwa nitrojeni kavu isiyochochea moto, na rimu ina vizibo vinavyoyeyuka ili gesi itoke kabla tairi haijapasuka. Ndege ikishasimama, joto la rimu huendelea kupanda kwa dakika kadhaa, maana linatoka kwenye diski za breki. Kwa hiyo gurudumu lisilotoa moshi bado linaweza kupasuka.