Taa nyekundu ikiwaka: maswali ya faiba ninayoulizwa kila siku hapa Tanga

Kumi la mwisho la Ramadhani nilipigiwa simu na mama mmoja wa Makorora anayepika keki za oda. "Mwanangu, taa nyekundu inawaka siku ya tatu leo, na oda zangu zote za Idi zimo humo mtandaoni." Nikaenda. Hodi, shikamoo, marahaba, moja kwa moja hadi kwenye boksi la intaneti. Taa iliyoandikwa LOS ilikuwa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kabisa. Nikaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye boksi kuelekea dirishani, na nyuma ya kabati la vyombo nikaukuta umebanwa ukutani, umepigwa kona kali. Walikuwa wamehamisha kabati ili wapate nafasi ya kufuturisha wageni. Nikalivuta, nikaunyoosha waya, ile nyekundu ikazimika. Kazi ya dakika kumi, na mwenzangu amekaa siku tatu bila kazi.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi ya faiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga, na sehemu kubwa ya simu ninazopokea si ubovu wa mtandao. Ni waya uliokunjwa au kichwa cha waya kilichochafuka. Ndiyo maana nimeona niandike majibu ninayoyatoa kila siku vibarazani kwa watu.

Swali la kwanza huwa ni la wazazi: mtoto akiushika waya utampiga shoti? Hapana. Ndani yake hakuna umeme wala shaba, na wanaoukata usiku wakitafuta shaba waambiwe hivyo. Kuna uzi wa kioo wenye unene wa maikroni 125 (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na njia yenyewe ya mwanga iliyo katikati ya uzi huo ni maikroni 9 tu. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70, kwa hiyo njia hiyo ni nyembamba mara saba au zaidi kuliko unywele. Hatari zilizopo ni za aina nyingine. Mwanga wa leza unaopita humo hauonekani kwa macho, kwa hiyo usichungulie kwenye ncha ya waya hata kama unaona giza. Na waya ukikatika, vile vipande vidogo vya kioo huingia kwenye ngozi na kuvitoa ni shida. Viokote kwa gundi ya selotepu, usivifagie kwa mkono.

Waya ukunjwe kiasi gani? Mimi huwaambia watu wachukue kikombe cha chai: duara la waya lisiwe dogo kuliko mdomo wake. Nyaya mpya za majumbani zinavumilia kona ndogo kuliko hiyo, lakini fundi aliyekufungia huenda hakukwambia kakuwekea ipi. Kona ikizidi, mwanga hauwezi kugeuka nayo, unavuja nje ya njia yake. Msumari wa kubania usigongwe ukaubana waya, na waya usipite kwenye bawaba ya mlango.

Sasa niseme la uchafu, maana hili linaniuma. Nina darubini ndogo ya kukagulia ncha. Mwaka jana, kwenye duka moja la steshenari huko Ngamiani, intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka. Mwenye duka aliapa kwamba hajagusa kitu. Nilipochomoa konekta, yaani kile kichwa cha waya, na kuiweka kwenye darubini tuliona wote wawili: alama ya kidole, mistari yake yote, imelala juu ya kile kidoti cha katikati mwanga unapotokea. Kumbe kijana wake huichomoa kila asubuhi, anaipuliza kwa mdomo, anaifuta kwa fulana, kisha anairudisha, akidhani anaisaidia. Mafuta ya ngozi, mate na nyuzi za nguo, vyote vimo. Chembe moja ya vumbi la maikroni 9 inaziba njia nzima, na ukiisukumiza ndani inaweza kukwaruza kioo, na mkwaruzo haufutiki.

Kwa hiyo usipulize, usifute kwa nguo. Kama huna kalamu maalumu ya kusafishia, tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji, inaacha ukungu. Sisi tunaokaa karibu na bahari, kule Sahare na Raskazone, unyevu na chumvi vinatuongezea kazi, basi kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachokuja na konekta usikitupe. Kila ncha isiyochomekwa ifunikwe.

Halafu kuna kijani na buluu. Watu huniambia "si zinaingia tu?" Ndiyo, zinaingia. Konekta ya kijani ncha yake imekatwa mshazari wa digrii 8, ya buluu ni bapa. Ukizikutanisha hazigusani vizuri, panabaki upenyo, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu, hakuna mjadala. Na waya mfupi wa njano ndio wa nyumbani kwako. Wa chungwa ni wa aina nyingine, njia yake huwa maikroni 50 au 62.5, hutumika zaidi ndani ya majengo kwa masafa mafupi. Mwanga ukitoka kwenye njia ya 50 kuingia kwenye ya 9, mwingi unamwagika.

Wanaounganisha majengo mawili nao wana kosa lao. Madrasa moja walinunua konveta mbili, vifaa vya kugeuza mwanga wa faiba kuwa intaneti ya waya wa kawaida, ili wavushe intaneti kutoka ofisini hadi darasani kwa uzi mmoja wa faiba. Vitu vipya, taa haziwaki. Walikuwa wamenunua mbili zinazofanana. Kwenye uzi mmoja, upande huu unatuma mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na kupokea wa 1550, na upande wa pili unatuma 1550 na kupokea 1310. Ni kama mume na mke, huwezi kununua waume wawili. Moduli za SFP za uzi mmoja, vile vipande vya kutuma na kupokea mwanga vinavyochomekwa kwenye kifaa, nazo ni hivyohivyo. Tena usinunue moduli ya kilomita 80 kwa kazi ya mita 200 ukidhani ndiyo bora. Mwanga wake mkali unaweza kukiunguza kipokezi cha upande wa pili.

Mvua je? Mvua yenyewe haipunguzi kasi ya faiba. Maji yakiingia kwenye boksi la maungio huko nguzoni ndipo shida huanza. Radi haisafiri kwenye kioo, ila inasafiri kwenye umeme wa nyumba, na adapta ya boksi ndiyo inayoungua. Umeme ukikatika, chomoa adapta, subiri urudi na utulie. Adui mwingine ni taka zinazochomwa chini ya nguzo. Kuna siku kipimo cha OTDR kilinionyesha waya umekatika mita 1,340 kutoka nilipo. Kifaa hicho hutuma mapigo ya mwanga na kuhesabu muda wa mwangwi wake kurudi. Nikatembea, nikatoa kwenye hesabu mita za waya wa akiba uliozungushwa kwenye nguzo, nikafika: majivu bado ya moto, na waya juu umeyeyuka.

Lakini si kila kimya cha intaneti ni cha nyumbani kwako. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, simu yangu haikupumzika. Nilimuuliza kila mtu jambo moja: LOS imezimika, na PON, taa ya mawasiliano na kampuni, imetulia kijani? Kama ndiyo, waya wako ni mzima, usiuguse. Na kama sebuleni iko sawa na chumba cha uani hakuna kitu, hiyo ni waifai kushindwa na kuta nene za mawe, si faiba.

Fundi akimaliza kukufungia, mwombe namba moja: nguvu ya mwanga unaopokelewa. Hupimwa kwa dBm na huandikwa kwa hasi. Mwanga unatoka kwa kampuni ukiwa kama +3. Splita, kifaa cha kugawia mwanga nyumba 32, inakula kama 17, na kilomita sita za waya, konekta na maungio vinakula kama 3. Nyumbani utapata karibu -17. Ikifika -27 uko ukingoni, na kila 3 inayopotea, mwanga umebaki nusu. Kwenye maboksi mengi namba hiyo unaiona mwenyewe, ukifungua ukurasa wa boksi kwa simu yako.

Mama wa Makorora nilimwandikia yake kwa kalamu ya wino mzito, kwenye plasta niliyoibandika ubavuni mwa boksi: -19.2. Juzi intaneti ilimsumbua, akanitumia picha ya ukurasa kabla hajapiga simu. Ilisoma -19.4. Nikamjibu, mama, usiguse kitu, tatizo liko kwao, wapigie.