Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Andalusia

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma na kulirudia: uende Andalusia peke yako, ilhali Kihispania hukijui, au ulipie lile kundi lenye kiongozi wa kuwatafsiria? Unaogopa kwamba bila lugha utapotea.

Hutapotea. Hilo halinitii wasiwasi hata kidogo. Njaa, kiu, choo na tikiti vina ishara zake, na binadamu wa bandari zote huzielewa. Andika jina la mji kwenye karatasi, mwonyeshe mtu wa dirishani, utafika. Lakini nimewaambia tangu mko wadogo: kuomba ni rahisi, kujieleza ndiyo kazi.

Unajua meli yetu iliwahi kukwama Algeciras, bandari ya kusini mwa Hispania, ikingoja vipuri, miaka ya 1980. Ile picha ya ukumbini ni ya huko. Habari ya treni, hata hivyo, sidhani nimewahi kuwasimulia sawasawa. Tulipopewa ruhusa ya kutoka, wenzangu walibaki mjini, mimi nikataka kuiona Alhambra, ile kasri ya wafalme Waislamu mjini Granada, kwa kuwa marehemu babu yako hakuwahi kumaliza darasa la Ramadhani bila kuitaja. Nikapanda treni ya asubuhi. Njia ile hupanda milimani hadi Ronda, handaki baada ya handaki.

Mbele yangu aliketi bibi mzee, amevaa nyeusi tupu, kikapu magotini. Tulipoipita Ronda akatandaza kitambaa, akatoa mkate na pande la nyama kavu, nyekundu: paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, lile waliitalo jamón. Alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mti. Alikata akivutia makali kwenye kidole gumba, vipande vyembamba hata mwanga unapenya, akaviweka juu ya mkate akaninyooshea. Yeye mwenyewe alikuwa hajala.

Nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa: gracias. Akadhani naona haya. Hata kwetu mgeni hakubali mara ya kwanza. Akanisogezea tena. Nikajipiga kifua nikasema, "Muslim." Uso wake ukachangamka. Naye akajipiga kifua, akanitajia jina lake. Kisha akakata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, akasema maneno mengi ambayo ndani yake nilisikia hilo moja tu: Muslim, Muslim, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto aje ale.

Nikausukuma ule mkate kwa ncha za vidole. Ningefanya nini? Wewe umelelewa nyumba hii, wajua kwamba chakula cha mtu hakisukumwi. Bibi yako angeliona lile, asingenisemesha. Yule mama aliutazama mkono wangu, akautazama mkate, akafunga kila kitu kitambaani bila kula hata yeye, akageukia dirishani. Nilikuwa na maneno ya kuomba maji, ya kuuliza bei, ya kuulizia njia ya bandarini. La kumwambia "si wewe mama, si mkono wako, ni dini yangu" sikuwa nalo. Mpaka leo linaniuma. Kuomba ni rahisi, kujieleza ndiyo kazi.

Sasa sikiliza. Bobadilla ni stesheni ndogo huko mashambani, ila njia za Algeciras, Granada, Málaga na Córdoba zilikutana hapo. Kipaza sauti kikasema yake, watu wakashuka, mimi nimekaa kwa kuwa tikiti yangu imeandikwa Granada. Yule mama alikuwa keshashuka. Akarudi. Akapanda tena ngazi za behewa na kikapu chake, akanikamata mkono wa shati, akanivuta mpaka kwenye treni iliyosimama upande wa pili, akaipiga ubavuni kwa kiganja: "Muslim, Granada!" Hakuondoka mpaka aliponiona nimekaa. Nikasema gracias dirishani hadi treni ikaondoka, maana sikuwa na jingine.

Kesho yake nikaingia Alhambra. Wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu: limechongwa ukutani kila unapogeuza shingo. Granada ilianguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1492, nami mtoto wa chuo cha Mji wa Kale nayasoma maneno yale bila kukwama, huku wenyeji walio kando yangu wanayatazama kama maua. Walahi nilifurahi. Halafu nikamkumbuka yule mama. Watu waliokufa zamani tunaelewana, na aliye hai, aliyetaka kunilisha, nimeshindwa kumweleza.

Kwa hiyo kundi? Ningekuwa na kiongozi, angemwambia maneno mawili, yakaisha. Lakini ningekuwa na kiongozi, nisingepanda treni ile. Ningekuwa kwenye basi na watu niliotoka nao, na nani angenivuta mkono? Na simu? Ami yako Omari anasema siku hizi simu inazungumza yenyewe. Labda. Ila mkate ukishanyooshwa, mkono wa mtu unakungoja, nawe unatafuta mtandao ndani ya handaki. Tena watu wa Andalusia humeza herufi za mwisho wa maneno. Hata aliyekisoma Kihispania darasani huwapata kwa taabu.

Hukumu sitoi, wewe ni mtu mzima, ingawa ulimi unaniwasha. Nisiloweza kulinyamazia ni hili: jifunze kusema "Soy musulmana, no como cerdo", na jamón uitaje kwa jina lake, kwani wengi huko hawaihesabu kuwa nyama, ukisema huli nyama, utaletewa mboga zimechanganywa vipande vyake. Liseme mkono ukiwa kifuani, unamtazama mtu machoni, na useme mapema, kabla kisu hakijatolewa. Ukiingia dukani, buenos días kwanza, bei baadaye.

Tikiti ya Alhambra ikate mapema na uende na pasipoti. Kasri za ndani huingiwa kwa saa iliyoandikwa. Chakula cha mchana usikitafute kabla ya saa saba. Msikiti wa Córdoba, ulioanza kujengwa karne ya 8, ni kanisa kuu sasa. Usijaribu kusali mle, walinzi watakuzuia. Granada kuna msikiti mpya mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003. Sali huko, umwombee na yule mama.

Mamako anataka uende na kundi, na alinituma nikuandikie hivyo. Sijaandika. Nitumie tarehe zako kabla hajaniuliza tena.

Babako