Kabla ya kusoma mshale, tazama kiti

Wadogo zangu mnaoanza staji ya kinesi, yaani tiba ya viungo, hapa Bukavu, kupima nguvu za mkono kutawadanganya kwa wepesi wake. Unampa kijana dinamometa, kile kifaa cha kupima nguvu za kuminya, anaminya, unaandika. Ndivyo nilivyowapima vijana 20 wa kwanza, wengine wamesimama, wengine wameegemea ukuta. Karatasi zao niliwashia makala ya jiko.

Kwa hiyo kiti kwanza. Mtu akae, nyayo zikanyage chini, bega lishuke, mkono ukae karibu na ubavu, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, kidole gumba kielekee juu. Kifundo cha mkono kinaruhusiwa kuinuka kidogo, kisipite nyuzi 30. Jamar, dinamometa tunayotumia, ina nafasi tano za mpini. Sisi tunatumia ya pili kwa wote. Wenye viganja vikubwa watalalamika. Waache walalamike.

Aminye mara tatu kila mkono, kulia na kushoto kwa kupokezana ili misuli ipumzike, kisha uchukue wastani. Maneno ya kumhimiza yawe yale yale. Ukimpigia mmoja kelele kama yuko uwanjani na mwingine ukamnyamazia, basi umepima koo lako. Na tazama vizuri sahani ya kipimo: ina kilo na ina paundi. Kijana mwembamba "mwenye kilo 90" ni wewe uliyesoma mstari usio wake.

Vidole vina kipimo chao kidogo cha kubana. Kuna kubana ncha kwa ncha, kuna kubana kama unashika ufunguo, na kuna gumba dhidi ya vidole viwili vinavyolifuata. Ncha kwa ncha ndiyo dhaifu kuliko zote, msishtuke. Kucha ndefu za saluni zinaiharibu kabisa, kwa sababu ncha hazikutani. Andikeni hivyo pembeni, msimlazimishe mtu azikate.

Tena, "mzima" si sawa na "aliyepumzika". Hilo nilifundishwa na msichana mmoja wa Kadutu, hapa hapa mjini. Anaandika kwa mkono wa kulia, na kwa watu kama yeye mkono huo huwa unazidi wa kushoto kwa kama asilimia 10. Wake wa kushoto ukashinda. Nikashuku mashine, nikaminya mwenyewe, iko sawa. Nikamuuliza kama aliwahi kuvunjika. Hapana. Alifanya nini asubuhi?

"Yaya," ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, "nimepandisha maji."

Bidoni ya lita 20, safari tatu, mlima ule mnaoujua, na mkono ni ule ule wa kulia. Maji peke yake ni kilo 20! Tangu siku hiyo swali la maji naliuliza kabla ya jina. Nilimwomba arudi kesho bila kubeba kitu, akarudi, na mkono wa kulia ukachukua nafasi yake. Alikuja na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amechota badala yake, amenuna, akidai naye apimwe.

Nilimwambia aje kesho.