Vipokezi, wapokeaji na hofu ya panya

SWALI: Katika makala ya afya niliandika "wapokeaji wa hofu walioko kwenye ubongo". Mhariri kabadilisha kuwa "vipokezi vya hofu". Nani yuko sahihi? Na je, ni hofu au woga?

JIBU: Mhariri yuko sahihi, ila kaiacha kazi njiani.

Mpokeaji ni mtu: wa mgeni, wa barua, wa pesa za simu. Kipokezi ni protini kwenye utando wa seli, na hiyo z ni ileile ya lea–mlezi, tembea–matembezi. Basi "kipokezi kimefunguka", si "amefunguka". Neno "kiongozi" lisikupoteze: lina ki-, lakini yule ni binadamu, ndiyo maana "amefunguka" humfaa yeye.

Kosa lililobaki ndilo kubwa. Hakuna kipokezi kinachopokea hofu. Kinachopokelewa ni kemikali, na -a unganifu (hapa ni "vya") itaje hiyo: vipokezi vya glutamati, vya dopamini, vya serotonini. Chukua kipokezi kiitwacho NMDA, ambacho ni cha glutamati. Tundu lake huzibwa na ioni ya magnesiamu. Glutamati ikija seli ikiwa imetulia, hakipiti kitu cha maana. Sharti seli iwe imeshasisimka, ndipo magnesiamu itoke na kalsiamu iingie. Lazima mambo mawili yakutane kwa wakati mmoja, na kujifunza kwingi ni huko kukutanisha. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake walivizuia vipokezi hivi kwa dawa katika ubongo wa panya. Panya wakapata tabu kujifunza jukwaa lililofichwa majini liko wapi.

Sasa hofu na woga. Woga aghalabu ni tabia ya mtu, hofu humjia. Panya akisikia mlio kisha akapigwa shoti miguuni, kesho yake mlio mtupu unamgandisha. Huyo ana hofu. Ukisema ana woga umemsingizia. Vipokezi vya NMDA vilivyo kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, vikizuiwa kabla ya mafunzo hayo, hofu hiyo haijengeki vizuri.

Mimi ningeandika: "Vipokezi vya glutamati vilivyo kwenye amigdala humsaidia mnyama kujifunza kuogopa." Kitenzi hapo kinafaa kuliko "kujifunza hofu", ambayo inasikika kama somo la darasani. Mhariri akilalamikia urefu, mpunguzie kwingine.